Taa ya O/D OFF na sikio la Baba mdogo

Kwa mwaka mzima na ushee niliendesha gari huku taa ya manjano ikiwaka kwenye dashibodi, na wala haikuninyima usingizi. Imeandikwa O/D OFF. Taa ya breki ikiwaka nakimbilia gereji, ya injini vivyo hivyo, lakini hii nilikuwa nimeipenda. Usiku, foleni ya Kimara, ilikuwa inanipa picha kwamba gari langu lina kitu ambacho magari mengine hayana.

Kosa lilianzia kwa dalali. Siku ya kulijaribu gari tulitoka naye Mwenge, tukashika Sam Nujoma, na tulipofika kwenye 70 hivi akanyoosha kidole akabonyeza kitufe kilichopo ubavuni mwa mkono wa gia. Injini ikanguruma, gari likajivuta mbele kama limepigwa kiboko. "Bosi, hicho ndicho kitufe cha nguvu," akaniambia. "Wengi hawakijui." Nilitaka ushahidi gani tena? Masikio yamesikia, mgongo umehisi. Taa ikawaka, nami nikaondoka nikijua kwamba taa ikiwaka nguvu imewashwa. Nilivyotumia kitufe hicho? Nilikibonyeza mara moja, nikakiacha hivyo.

Gari lenyewe ni Mark II GX100 ya 1998, injini ya 1G, silinda sita, lita mbili. Kwa hiyo lilipoanza kubugia mafuta, mtuhumiwa alikuwa tayari ameshapatikana: silinda sita. Kila mtu alikuwa amenionya. Nilibadili plagi zote sita, nikanunua chujio jipya la hewa, nikaongeza upepo wa matairi, nikaacha kuwasha kiyoyozi. Safari moja ya Iringa, ambayo ni kama kilomita 500 kutoka Dar, ilinila lita 61. Naijua namba hiyo kwa sababu nina tabia ya kujaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, naandika kilomita, halafu nikifika najaza tena hivyo hivyo. Kilomita 8 na kidogo kwa lita, barabara kuu, gari la watu wawili na begi moja. Nikasema ndiyo silinda sita, nifanyeje.

Mwezi Juni tukawa na harusi Iringa, ya binti wa shangazi. Nikapewa jukumu la kumbeba Baba mdogo. Mzee huyu aliendesha malori ya mafuta kati ya Dar na Zambia zaidi ya miaka ishirini, na hajawahi kumiliki gari la otomatiki. Tulitoka alfajiri, nikamsalimia, akaitikia, akafunga mkanda, akanyamaza. Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi, hakuna neno. Madereva wa zamani wako hivyo, hawazungumzi na aliyeshika usukani mpaka kuwe na sababu.

Tulipoipita Chalinze barabara ikafunguka, nikatulia kwenye 90. Hapo ndipo alipozungumza.

"Mwanangu, badili gia."

"Baba mdogo, hili ni otomatiki. Linabadili lenyewe."

"Basi limesahau. Sikiliza injini inavyolia."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu, kwa sababu sauti ile ndiyo sauti niliyoizoea. Akanionyesha mshale wa mizunguko ya injini. Ulikuwa umesimama kwenye 3,100 na kidogo. Akasema gari la watu wawili, barabara tambarare, haliwezi kuhitaji mizunguko yote hiyo kwenda 90. Kuna gia imebaki huko ndani haijaguswa. Alilisema hilo bila kujua chochote kuhusu kitufe. Sikio tu.

Mikese tulisimama kunyoosha miguu. Yeye akabaki ndani, akainama kuangalia dashibodi, miwani imeshuka puani. Niliporudi akaniuliza swali ambalo mpaka leo familia nzima inanitania nalo: "Hiki Kiingereza, OFF, si kuzima? Umezima nini?"

Nikamwambia hicho ni kitufe cha nguvu. Akanitazama kwa muda. "Nguvu imezimwa, halafu taa inakukumbusha kwamba imezimwa, na wewe unafurahi."

Tukarudi barabarani. Nilipofika tena kwenye 90, nikabonyeza kitufe kikaingia ndani. Taa ikazima. Sekunde moja, pengine mbili, halafu mshale ukateremka kutoka 3,100 hadi chini kidogo ya 2,200 na kutulia hapo. Spidi haikubadilika. Sauti ilibadilika kama mtu aliyefunga mlango wa chumba chenye redio. Nilijisikia mjinga, na wakati huohuo nilijisikia nimenunua gari jingine.

Nilichokuja kukielewa baadaye, kwa kuuliza mafundi na kwa kuchungulia kitabu cha gari, ni hiki. Giaboksi ya otomatiki ya gari langu ina gia nne. Gia ya tatu ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, nayo inazunguka mara moja. Gia ya nne ndiyo ovadraivu, ile O/D ya kwenye taa. Hapo injini inazunguka kama mara saba tu, na propela shafti imeshamaliza mara kumi. Ni sawa na mtu mrefu na mtoto wakitembea pamoja kutoka Mwenge hadi Ubungo. Wanafika saa ileile, lakini mtoto amepiga hatua nyingi zaidi. Mimi nilikuwa namfanya mtu mzima atembee hatua za mtoto kilomita 500.

Na yule dalali hakuwa mwongo, ndilo linalonikera. Alichokionyesha kilitokea kweli. Ukibonyeza kitufe ukiwa kwenye 70, unaiondoa gia ya nne, gari linaangukia ya tatu, injini inapanda mizunguko na kuvuta kwa nguvu zaidi. Ni kama dereva wa manyuo anaposhusha gia ili apite lori. Kwa hiyo mwili unahisi umewasha kitu, kumbe umekizima. Nadhani ndiyo sababu watu wengi wanakielewa kinyume, na wala si wajinga. Isitoshe, hata hiyo nguvu ya kupita lori unaipata bila kitufe: ukikanyaga mafuta mpaka chini, giaboksi inashusha gia yenyewe.

Kuhusu mafuta, nilitegemea kitu kikubwa zaidi ya nilichokipata. Mizunguko ilikuwa imepungua asilimia 30, nikapiga hesabu za furaha kwamba na mafuta yatapungua asilimia 30. Tulirudi Dar na lita 46. Nikashangilia, nikamwonyesha Baba mdogo karatasi. Akanirudisha chini haraka: Iringa iko juu mlimani, Dar iko pwani, hata toroli lingetumia mafuta machache kwenda huko. Alikuwa na haki. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hivyo nikasubiri safari nyingine ya kupanda, barabara ileile, mwendo uleule, matairi yale yale. Lita 51. Kutoka 61 hadi 51, yaani asilimia 16 hivi. Lita kumi. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati.

Kwa nini 16 na si 30? Kwa sababu kazi kubwa ya gari kwenye 90 ni kusukuma hewa na kuzungusha matairi, na kazi hiyo haijui uko gia ya ngapi. Hewa inakudai kilekile. Ovadraivu inapunguza upotevu wa injini yenyewe tu: pistoni kusuguana na silinda mara nyingi bila sababu, na injini kuvuta pumzi kwa shida. Hili la pumzi lilinichukua muda kulielewa. Injini ya petroli ikiwa na mizunguko mingi na kazi ndogo, kile kifuniko kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini kinakuwa kimefungwa karibu chote, na injini inahangaika kunyonya kupitia upenyo mdogo. Jaribu kunywa dafu kwa mrija uliobanwa na vidole. Utachoka kabla hujashiba. Kwenye gia ya nne mizunguko ni michache, kwa hiyo kifuniko kinafunguka zaidi na kila pumzi inakuwa ndefu na rahisi.

Na kwa kuwa hewa ndiyo mdai mkubwa, mguu wako una nguvu kuliko kitufe. Ukitoka 80 kwenda 100, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Nina rafiki anayeshinda akiniuliza habari za ovadraivu, na anakwenda Moshi kwenye 130. Trafiki wa tochi za spidi na faini zao wamemsaidia kuokoa mafuta kuliko mimi.

Sasa mlima Kitonga.

Baada ya kugundua siri ya kitufe, siku ileile ya harusi, niliapa moyoni kwamba sitakizima tena mpaka kufa. Tukapita mbuga ya Mikumi taratibu, tukapita bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, kisha mlima ukaanza. Mbele yetu semi-trela, mbele yake semi-trela nyingine. Tunapanda kwenye 40, panapolegea kidogo tunafika 55 hadi 60, gari linaingiza gia ya nne. Kabla halijatulia mwinuko unarudi, linashusha ya tatu. Panalegea, nne. Panainuka, tatu, wakati mwingine ya pili. Kama mtu anayepanda ngazi huku kila mara anarudi chini kuchukua funguo alizosahau. Mshale unaruka, gari linatikisika kidogo kila linapobadili.

"Sasa kizime," akasema Baba mdogo.

"Si umesema kisizimwe?"

"Nimesema sikiliza."

Nikakizima. Taa ikawaka, gari likashika gia moja, likapanda kama mbuzi. Fundi aliniambia baadaye kwamba kule kubadilibadili gia ndiko kunakopasha moto oili ya giaboksi, na oili ikiungua giaboksi nayo inafuata. Vilevile kila gia inapobadilika, ile klachi ndogo iliyomo ndani ya konveta, kile chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, inaachia. Klachi hiyo ndiyo inayofunga injini na giaboksi ziende kwa pamoja bila kuteleza, na ikiachia, sehemu ya nguvu inaishia kukoroga oili. Kwa hiyo mlimani kuacha ovadraivu si kuokoa mafuta. Ni kuyatumia kupika giaboksi.

Kurudi, gari likiwa na tenga mbili za nyanya za Ilula na gunia la viazi, tulifika kileleni mwa Kitonga mchana. Hapo Baba mdogo hakuniachia nafasi ya kukosea. "Gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia," akasema, "na kama gari lina gia nne basi leo lina tatu, au mbili." Nikabonyeza, nikateremsha mpaka 2 kwenye kona kali. Injini ikalia, gari likajishika lenyewe, breki nazigusa mara chache. Gari dogo lililokuwa mbele yetu taa zake za breki hazikuzima tangu juu, na tulipolikuta limepaki pembeni chini ya mlima, harufu yake iliingia kwetu madirisha yakiwa yamefungwa.

Nilikuwa nasikitikia mafuta kwa kelele ile ya injini. Sikuwa na haja. Gari la sindano za mafuta kama hili, ukiondoa mguu kwenye eksileta huku mizunguko ikiwa juu, kompyuta inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Mshale uko 3,000 na sindano hazitoi hata tone. Anayeshuka mlima akiwa ameweka N ili "kuokoa" ndiye anayechoma mafuta, maana injini yake lazima ijizungushe yenyewe kwa mafuta isizime, na juu ya hapo amebaki na breki peke yake. Nikikaa na watu wanaofanya hivyo Kitonga au Sekenke huwa naona bora nishuke nitembee.

Mjini nilijaribu pia, wiki mbili nimezima na wiki mbili nimewasha, Mbezi hadi Posta na kurudi. Tofauti sikuiona. Gari langu huingiza gia ya nne likikaribia 60 kwa mguu mwepesi, na mimi Morogoro Road asubuhi nafika 60 lini? Watu hubishana sana kuhusu ovadraivu na foleni. Ni sawa na kubishana kuhusu tanga la ngalawa iliyokwama matopeni. Iache iwashwe, usahau. Jumapili barabara ikiwa nyeupe kuelekea Bagamoyo itaingia yenyewe.

Ningeishia hapo kama gari lisingenifundisha tena mwaka uliofuata, safari hii kwa njia ya ghali zaidi.

Lilikuwa limechemsha Dar. Rejeta ilikuwa imeziba, fundi akaizibua vizuri tu, lakini akaondoka na kitu kimoja: themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini. "Hii ni ya nchi za baridi," akaniambia, akiirusha kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Huku kwetu kazi yake ni kuchemsha magari." Nikamshukuru. Miezi miwili hakuna tatizo, isipokuwa mshale wa joto ulikuwa haupandi kama zamani, na mimi nikaona ni dalili ya afya.

Mwezi Julai nikampeleka Baba mdogo Mafinga kuangalia shamba lake la miti. Asubuhi tunaondoka, baridi ya kutoa moshi mdomoni, nikaingia barabara kuu kuelekea Iringa. 80. 90. Mshale wa mizunguko umegoma kwenye 3,000 na zaidi. Nikaangalia taa: haiwaki. Nikabonyeza kitufe, ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima. Hakuna kilichobadilika. Sikuhitaji kuambiwa chochote, Baba mdogo alikuwa ameshageuza kichwa.

Kichwani nilikuwa nimeshauza kiwanja kununua giaboksi ya mtumba. Tulisimama Ipogolo kwa fundi mmoja ambaye Baba mdogo alimfahamu tangu enzi za malori. Fundi hakugusa giaboksi. Aliuliza kwanza: "Taa ya O/D ukiendesha inapepesa, au imetulia?" Nikamwambia haiwaki kabisa. Akasema afadhali, kwa sababu ingekuwa inapepesa maana yake kompyuta ya giaboksi imeona hitilafu na kuiandika. Kisha akashika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja. Gari limetoka Mafinga, kilomita 80 hivi, na yeye ameushika mpira kama anavyomshika mtu mkono. Angepaswa kuruka.

"Themostati ipo?"

Nikamweleza. Akacheka, akamtazama Baba mdogo, wakacheka wote wawili.

Kumbe kompyuta ya gari hili hairuhusu gia ya nne, wala ile klachi ya konveta, mpaka maji ya injini yapate joto la kutosha. Imewekewa hivyo makusudi ili injini ipate moto haraka na isilazimishwe kufanya kazi kwa mizunguko michache ikiwa bado ya baridi. Themostati inayazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta wakati wote, na upepo wa barabarani ukichanganyika na baridi ya Mafinga, injini haipati joto hata ukienda mpaka Tunduma. Dar foleni ilikuwa inaipasha, ndiyo maana sikuliona. Na si gia tu: kompyuta ikiona maji ya baridi inadhani ndiyo kwanza umewasha gari asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya kuamshia. Nilikuwa nalipa mara mbili, kwa themostati ambayo bei yake haikufika hata nusu tangi.

Alifunga mpya kwa saa moja na nusu, akajaza maji, akaliacha liungurume mpaka feni ikaanza kazi. Tuliondoka Ipogolo kwenye saa saba mchana. Mshale wa joto ulipanda ukasimama katikati. Baba mdogo alikuwa amekula ugali na samaki, amelaza kiti, kofia usoni, amelala kabla hatujamaliza taa za barabarani.

Kilomita chache kabla ya Ilula barabara ikanyooka. 80, 90. Mshale ukasita, ukateremka, 2,200. Kofia ikasogea kidogo, jicho moja likafunguka, likatazama mbele, likafumba tena.